Namna ya Kubaini Uvujaji Uliofichika katika Mtandao wa Mabomba

Bomba kuu likipasuka, maji hufurika barabarani na taarifa hutolewa upesi. Hasara kubwa, mara nyingi, hutokana na uvujaji wa polepole chini ya ardhi, unaoendelea kwa miezi bila kuonekana. Kwa hiyo anza na vipimo, si na sururu.

Gawa mtandao katika kanda ndogo zinazoweza kutengwa kwa valvu, kisha funga mita kwenye bomba linaloingiza maji katika kila kanda. Soma mita hiyo kati ya saa 8 na saa 10 usiku, wakati wateja wengi wamelala: ukishaondoa matumizi halali ya usiku, kama ya hospitali na viwanda, sehemu kubwa ya mtiririko unaobaki ni uvujaji. Tundu linalotoa lita 1 tu kwa dakika hupoteza lita 1,440 kwa siku. Pale ambapo maji hutolewa kwa mgao, hata hivyo, kipimo hiki hupotosha, kwani matangi ya nyumbani huenda yanajazwa saa hizohizo.

Katika kanda yenye shaka, funga valvu moja baada ya nyingine na uangalie ni kipande gani kikifungwa mtiririko hushuka ghafla; hapo ndipo fundi apite na kifaa cha kusikilizia, akikigusisha kwenye valvu na maungio. Mabomba ya plastiki hufifisha sauti kuliko ya chuma, hivyo asikilize kwa vituo vilivyo karibukaribu.

Baada ya matengenezo, punguza msukumo wa maji usiku, kisha rudia kipimo.