Kurudisha mikoko ilikopotea: anza na maji, miche ije mwisho

Ukipita ufuo wowote wa Pwani baada ya siku ya kupanda mikoko, utaona mistari mizuri ya miche iliyonyooka. Pita tena baada ya bamvua chache (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo): vijiti vikavu vimebaki matopeni, na lawama zimeshagawiwa kwa kaa, mbuzi na wanakijiji. Kwa yale ninayoyaona kazini, mara nyingi kosa ni mahali palipochaguliwa. Watu hupanda penye nafasi wazi, na nafasi iko wazi kwa sababu mkoko hauwezi kuota hapo.

Hata wenye fedha nyingi wameangukia shimo hilohilo. Baada ya tsunami ya 2004, Sri Lanka ilipanda mikoko kwa wingi. Watafiti walipokwenda kukagua maeneo 23 miaka kadhaa baadaye, 9 hayakuwa na mche hata mmoja uliobaki hai. Kwa hiyo katika mwongozo huu jembe na miche vinakuja mwisho mwisho. Nauandika kwa ajili ya vikundi vya ufuoni, BMU (vikundi vya usimamizi wa fukwe) na shule zinazotaka kuanza, na mifano yangu mingi ni ya Kwale, Pwani ya Kenya, ingawa Tanga au Rufiji utaratibu hautofautiani sana.

Hatua ya 1: Jua kwa nini hapana miti

Kaa na wazee wavuvi na wakata boriti wa zamani. Waulize palikuwa na miti gani, ilianza kufa lini, na hori (mkono wa bahari unaoingia nchi kavu) lilipita wapi. Kisha fungua picha za setilaiti za miaka iliyopita (kwenye kompyuta zinapatikana bure) ulinganishe na maneno yao. Utapata jibu mojawapo kati ya haya.

Ilikatwa tu, na ardhi na maji viko vilevile. Huu ndio ugonjwa mwepesi. Ukataji ukikoma, msitu hujirudisha.

Au maji yamezuiwa: barabara iliyojengwa bila kalvati ya kutosha, tuta la shamba la chumvi, bwawa la kamba lililoachwa, au matuta ya mpunga kama yale ya kaskazini mwa delta ya Rufiji. Au mchanga umefukia mizizi ya kupumulia. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara hadi hori la Mwache, karibu na Mombasa, na mikoko mingi ikafa imesimama.

Jibu la mwisho ndilo ambalo wafadhili hawapendi kulisikia: hapajawahi kuwa na mikoko. Ni uwanja wa nyasi za baharini au tope tupu linalofunikwa na maji muda mrefu kila siku. Hapo paache. Nyasi hizo ni malisho ya kasa na kimbilio la samaki wachanga, na kuzifukia kwa miche ni kuharibu kwa jina la kuhifadhi.

Hatua ya 2: Zungumza na wenye msitu

Kenya mikoko yote ni msitu wa serikali tangu 1932. Nenda KFS (shirika la misitu la Kenya) kupitia chama cha jamii cha msitu kilicho karibu nawe. Tanzania anza na serikali ya kijiji na TFS (wakala wa misitu wa Tanzania). Fanya hivi kabla hujagusa tuta lolote, kwa maana tuta lina mwenyewe hata likionekana limetelekezwa.

Hatua ya 3: Pima kimo cha ardhi kwa fimbo na chaki

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoamua kila kitu. Mikoko huota kwenye nusu ya juu ya eneo ambalo maji hujaa na kupwa. Chini ya hapo mche unazama muda mrefu mno na mizizi yake inakosa hewa. Tofauti ya kimo cha goti tu inatosha kutenganisha msitu na makaburi ya miche.

Huhitaji vyombo vya mpima ardhi. Tafuta kwanza msitu wenye afya ulio karibu, unaonyweshwa na hori hilohilo. Kata fimbo za urefu wa mita mbili, uzipake chaki au chokaa kuanzia chini hadi juu. Siku ya bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji ya pwani yetu hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na kujaa kabisa mnamo saa kumi jioni. Chagua siku isiyo na upepo mkali. Asubuhi maji yakitoka, chomeka fimbo kadhaa ndani ya ule msitu wenye afya, kila moja chini ya aina tofauti ya mti, na nyingine kadhaa kwenye eneo tupu. Maji yakijaa yatafuta chaki. Yakipwa tena, rudi ukapime kutoka ardhini hadi alama ilipokomea. Usingoje asubuhi ya pili, maana maji ya alfajiri yatazigusa alama tena. Ukihofia giza, wahi kuzichora alama kwa rangi jioni ileile.

Tuseme chini ya mkoko wenye afya (hapa nasema ile aina moja inayoitwa mkoko hasa) maji yalifika sentimita 60, na kwenye eneo lako tupu sentimita 110. Eneo lako liko chini kwa nusu mita. Mkoko hautakubali hapo. Pengine mlilana, aina nyingine ya mikoko, kama ulikuwepo zamani. Ikiwa vipimo vinakaribiana, kimo ni sahihi, kwa hiyo kilichoua miti ni kitu kingine: kisu, mifugo au chumvi. Na ukikuta maji yamejaa kidogo kuliko ulivyotarajia, au yamebaki madimbwi hata baada ya kupwa, basi huenda kuna kizuizi. Kifuate mpaka ukipate.

Hatua ya 4: Fungua maji

Penye tuta, usilibomoe lote. Toboa pale hori la zamani lilipopita. Ndiyo maana tuliwauliza wazee. Matundu machache mapana ni bora kuliko mengi membamba, ambayo huziba kwa tope haraka. Chimbeni wakati wa maji mafu (siku ambazo bahari haijai sana), mkianza upande wa ndani na kuacha kipande cha upande wa bahari kiwe cha mwisho. Penye barabara, kazi ni ya wahandisi wa kaunti au halmashauri. Peleka vipimo vyako na picha. Barua yenye namba husomwa.

Hatua ya 5: Subiri

Kama kuna miti mama kwenye hori hilohilo, acha ipite walau misimu miwili ya mbegu kabla ya kupanda. Maji yakiwa huru huleta mbegu yenyewe, na kila aina hukwama kwenye kimo chake bila kuelekezwa na mtu. Wanakikundi watachoka kusubiri. Wapeni kazi ya kuzuia mbuzi na ng'ombe, ambao hupenda sana majani ya mchu, aina mojawapo ya mikoko.

Hatua ya 6: Panda palipobaki wazi, kwa aina inayofaa

Kosa la kawaida ni kupanda mkoko peke yake kila mahali, kwa sababu mbegu yake ni ndefu na rahisi kushika. Angalia msitu jirani. Kwa kawaida mbele kabisa baharini husimama mlilana, kati mkoko na muia, nyuma mkandaa, na mchu kwenye ardhi ya juu yenye chumvi kali, ingawa mchu huonekana mbele pia. Penye maji matamu ya mto utaona mkomafi na msikundazi.

Mbegu ya mkoko iliyokomaa ina pete ya njano pale inapokutana na tunda. Isiyo na pete iache juu ya mti. Tupa zenye matundu ya wadudu. Ziweke kivulini chini ya gunia bichi kwa siku chache, zinyauke kidogo, maana kaa hupenda zilizo laini. Kisha chomeka theluthi moja ardhini, ncha kali chini na chipukizi juu. Nasema hivi kwa sababu wageni huzigeuza. Nafasi ya mita 2 kwa 2 hula mbegu 2,500 kwa hekta. Mita 1 kwa 1 hula 10,000, na mara nyingi ni kujichosha bure. Mkandaa hupandwa vivyo hivyo.

Mchu na mlilana huhitaji kitalu. Weka kitalu mahali ambapo bamvua hufika, ili bahari ikusaidie kumwagilia. Mbegu za mchu ziloweke mpaka ganda la nje libanduke, kisha zibonyeze juu ya udongo wa kiriba (mfuko wa kuoteshea mche) bila kuzifukia. Tunda la mlilana liache lioze majini, uoshe mbegu zake ndogo, uzisie kwenye tope laini. Ezeka makuti, na uyapunguze kidogo kidogo miche inapokaribia kutoka kitaluni. Kiriba kivuliwe kabla ya kupanda, na kirudi nyumbani.

Kwenye ufuo ulio wazi, usipande kusi (upepo wa kusini) likiwa limekaza. Mawimbi yatavuna kabla yako.

Hatua ya 7: Hesabu, na toa njia nyingine ya boriti

Tenga viwanja vidogo vya mita 10 kwa 10, uvihesabu baada ya miezi mitatu, sita, kisha kila mwaka. Hesabu na miche iliyojiotea, kwa safu yake. Ondoa mwani na takataka zilizozonga mashina. Miche ikifa, usijaze pengo kabla ya kujua iliuawa na nini.

Watu bado wanahitaji fito, boriti na kuni. Gazi na Makongeni, huko Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja ulianza kuuza hewa ya kaboni mwaka 2013 kutoka hekta 117, na mapato yakaingia kwenye maji na shule za vijiji hivyo. Wengi hudhani ni malipo ya miche. Sehemu kubwa ya hekta hizo ni msitu wa asili uliolindwa, na pembeni yake ikapandwa mivinje kwa ajili ya nguzo na kuni. Kama kikundi chako kina nguvu ya kufanya jambo moja tu mwaka huu, pandeni mivinje nchi kavu.