SOMO: Kundi la WhatsApp la darasa, kuanzia ruhusa ya wazazi hadi watoto wajifunze kweli (walimu wa Lubumbashi, someni kwanza ndipo muulize)

Kila Septemba shule zikifunguliwa napata ujumbe ule ule: "Mwalimu, nisaidie kufungua kundi la darasa." Nafurahi mnapouliza, ila jibu langu kwa faragha linamfikia mmoja tu, na kesho yake mwingine anauliza upya. Leo naliandika lote hapa.

Kwanza tuelewane. Mtandao wa kijamii ni mahali ambapo kila mtu ana ukurasa au namba yake, ana orodha ya watu anaojuana nao, na yale anayoyaweka yanaonwa na hao watu, nao wanajibu. SixDegrees ya mwaka 1997 ilikuwa kati ya mitandao ya kwanza ya namna hiyo. Facebook ilianza Februari 2004 kwa ajili ya wanafunzi wa chuo cha Harvard, Marekani. Kwa hiyo anayesema mitandao hii haina uhusiano wowote na masomo asahihishwe: mkubwa kuliko yote ulizaliwa bwenini. Mimi nimechagua WhatsApp kwa sababu moja tu, tayari imo katika simu za wazazi wa mitaa yetu ya Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba, wala hawahitaji kujifunza kitu kipya.

Hatua ya 1. Pata ruhusa ya prefe (mkuu wa shule) na ya wazazi, kwa maandishi.

Hatua ya 2. Amua kundi ni la nini. Somo moja, darasa moja. Kundi la "shule nzima" hugeuka soko ndani ya wiki mbili.

Hatua ya 3. Fungua kundi. Simu nyingi za hapa zimewekwa Kifaransa, kwa hiyo tafuta "Nouveau groupe", andika jina, basi.

Hatua ya 4. Kuingiza watu. Hapa ndipo mambo yalituharibikia, na hapa ndipo naomba msome polepole. Tulipoanza tuligawa kiungo cha kuingilia, kila mtu aingie mwenyewe. Mzazi mmoja, kwa nia njema kabisa, akakibandika kwenye ukurasa wa Facebook wa mtaa ili wengine wasipitwe. Wageni wakaingia. Katika kundi la WhatsApp, kila aliyemo anaweza kuona namba za wenzake wote. Wasichana wa humanités (sekondari ya juu) wakaanza kupigiwa simu usiku na wanaume wasiowajua. Tuliwatoa wale wageni, lakini kumtoa mtu hakuifuti namba ambayo amekwisha kuihifadhi. Baadhi ya wazazi waliwaondoa mabinti zao, nao walikuwa na haki.

Basi shikeni haya:

Usigawe kiungo. Kusanya namba kwa mkono kwenye mkutano wa wazazi, kisha ingiza wewe mwenyewe, moja baada ya nyingine. Inachosha, lakini unajua ni nani uliyemwingiza. Kama huna budi kutumia kiungo, washa kwanza mpangilio wa msimamizi kuidhinisha kila anayeomba kuingia, na wote wakishaingia bonyeza "Réinitialiser le lien" ili kile cha zamani kife.

Mtoto ambaye hajafikisha miaka 13 haruhusiwi kuwa na WhatsApp kwa masharti ya kampuni yenyewe. Kwa huyo, ingiza namba ya mzazi. Mwenye miaka 13 na kuendelea, aliye na simu yake, bado mzazi asaini.

Wasimamizi wawe wawili, na mmoja awe mwanamke. Mwalimu asimwandikie mwanafunzi faraghani. Swali la somo liulizwe mbele ya wote.

Orodha ya namba usiipe mtu, hata mwalimu mwenzako, hata kanisa. Sheria ya kidijitali ya nchi yetu Kongo (Code du numérique), ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda data za mtu binafsi. Ile namba ni mali ya familia, wewe umekabidhiwa tu.

Hatua ya 5. Weka saa. Letu linafunguka saa kumi jioni na kufungwa saa mbili usiku; nje ya hapo wasimamizi peke yao ndio wanaoweza kuandika. Muda wa kujibu swali hesabu kwa siku, kamwe si kwa saa, maana SNEL ikikata umeme mtaa mzima unanyamaza.

Hatua ya 6. Swali la kwanza. Walimu wengi wanafungua kundi halafu wanatupia PDF ya kurasa 40. Hakuna anayesoma. Kundi likishakuwa la kutupia karatasi, watoto wanalizoea hivyo, na kulifufua ni kazi kubwa.

Anza na swali ambalo jibu lake limo nyumbani kwao. Mimi nafundisha kemia, nami naishi katika mji wa shaba. Niliwaambia: tafuteni waya au kitu chochote cha shaba kilichozeeka hadi kikaota ukijani, mpige picha, mniambie ule ukijani umetoka wapi. Picha zikaja za waya, bomba, sahani za mapambo. Mmoja akasema ni kutu. Mwenzake akapinga: kutu ni ya chuma. Wa tatu akataja hewa na unyevu. Sikusema neno hadi siku ya pili. Ndipo tukafika pamoja kwenye shaba, oksijeni, maji na gesi ya kaboni dioksidi, na tukaona kuwa mojawapo ya vitu vinavyofanyika pale ni madini yale yale ya malakiti, jiwe la kijani ambalo mafundi wa hapa wanalichonga vito. Darasani ningelitamka hilo kwa dakika moja na wangelisahau. (Waambieni wazi: picha za nyumbani tu, asiende mtoto kuokota mawe machimboni.)

Sheria yangu ni hii: mwalimu hajibu wa kwanza. Anauliza tena, anamwita aliyenyamaza, anasema jibu la fulani limekaribia, nani atalimalizia? Na ruhusuni Kiswahili. Swali nalitoa kwa Kifaransa kwa sababu Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, itawauliza hivyo, mabishano wanafanya kwa Kiswahili, halafu katibu wa wiki anaandika jibu la mwisho kwa Kifaransa safi. Kuna watoto ambao nilidhani hawajui kitu, kumbe walikuwa wanaogopa Kifaransa.

Hatua ya 7. Wasio na simu. Wapo katika kila darasa. Katibu wa wiki anaandika muhtasari kwenye daftari la darasa na kuusoma asubuhi. Na msitoe pointi kwa kuandika kundini. Mkitoa pointi, mnampa alama baba mwenye mega za intaneti.

---

MASWALI

Kasumba_23: Mwalimu, naomba kiungo cha kundi lako nione mfano.

Mwandishi: Soma hatua ya 4.

Bel-Air_Info: Kwa nini usitumie Telegram? WhatsApp ni ndogo.

Mwandishi: Kundi la WhatsApp linabeba hadi watu 1,024. Darasa lako haliwezi kufika huko. Telegram inafikisha 200,000 na namba inaweza kufichwa, ni nzuri kwa chuo. Lakini wazazi wa wanafunzi wangu hawanayo, na sitawalipisha mega za kupakua programu nyingine.

Prefe_Kampemba: Mwalimu, pongezi. Ila mimi naogopa. Wanafunzi watanakiliana majibu, na walimu watakesha kwenye simu.

Mwandishi: Prefe, kwa heshima: hata kwenye daftari wananakiliana. Swali la picha ya nyumbani kwako ni gumu kunakili. Kuhusu kukesha, saa nimeziweka katika hatua ya 5, na kundi likifungwa hata mimi simu naiweka kando. Kama shida yako ni matangazo ya shule yote, usifungue kundi, fungua "Chaîne" ya WhatsApp. Zilikuja mwaka 2023. Wafuasi hawaonani namba wala hawajadiliani pale. Ila ni ya wazi kwa kila mtu, kwa hiyo usiweke humo majina wala picha za watoto.

Mama_Ruashi: Mwalimu, mimi niko na simu moja, ni yangu na ya watoto watatu. Mega zinakwisha mbele ya saa sita. Nifanye nini?

Mwandishi: Asante mama kwa kuuliza. Ingia "Paramètres", kisha "Stockage et données", ondoa alama zote kwenye upakuaji wa moja kwa moja. Kuanzia hapo picha na video hazijileti zenyewe, unagusa unayoitaka tu. Mwambie na mwalimu wao atume sauti badala ya video: dakika moja ya sauti haifiki hata mega moja. Na mtoto akisoma swali saa kumi, anaweza kuzima data, akafikiri, akajibu kesho.

Kasapa_L2: Yaya mwalimu, mimi niko UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), nasoma ualimu. Kuna nadharia nyuma ya hii ya kunyamaza na kuwaacha wabishane, ao ni uzoefu tu?

Mwandishi: Ipo, mdogo wangu, na swali lako limenifurahisha. Anza na Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyefariki mwaka 1934. Alisema kuna eneo kati ya kile mtoto anachokiweza peke yake na kile anachokiweza akisaidiwa na anayemzidi kidogo, na kwamba kujifunza kunatokea humo. Mwenzake wa darasa anaweza kuwa huyo anayemzidi kidogo. Mara nyingine anafaa kuliko mimi, kwa sababu bado anakumbuka palipomkwamisha. Kisha wasome George Siemens na Stephen Downes, wa Kanada. Mwaka 2008 walifundisha kozi ambayo wanafunzi wa kulipa walikuwa kama 25, na zaidi ya 2,000 wakafuata bure kupitia mtandao, wakijadiliana wao kwa wao. Wanashikilia kwamba maarifa yamo katika mahusiano yanayowaunganisha watu. Soma wote, halafu uje ubishane nami hapa.

Kasapa_L2: Nitakuja. Asante sana, yaya.

Likasi_Leo: Kundini kwetu kuna mtu anauza majibu ya Exetat. Ni ya kweli?

Mwandishi: Mtoe leo. Anakula pesa za watoto. Na ujumbe wowote wenye mishale miwili na maneno "Transféré de nombreuses fois" umepita mikononi mwa watu wengi, hakuna ajuaye ulikotoka. WhatsApp yenyewe tangu 2020 hairuhusu ujumbe wa namna hiyo utumwe kwenye mazungumzo zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Fundisha wanafunzi waitambue ile mishale. Ni somo tosha la wiki nzima.

Fundi_Kamalondo: Nje kidogo ya mada: kuna programu inaitwa Kiwix. Unapakua Wikipedia ya Kifaransa mara moja, baadaye unasoma bila mega hata moja.

Mwandishi: Si nje ya mada hata kidogo, kaka. Naitumia. Chagueni faili lisilo na picha, ni jepesi zaidi.

Mama_Ruashi: Hata lile jepesi, mimi mega za kulipakua nitatoa wapi?

Fundi_Kamalondo: Mama, hulipakui. Lete kadi ya memori hapa Kamalondo, nakunakilia bure, na programu yenyewe ninayo. Mwalimu yeyote pia aje, ila kadi iwe na nafasi.