Ndege wanamaliza samaki bwawani? Jinsi ya kuomba msaada halmashauri bila kuvunja sheria (Tanzania)

Kabla ya yote, weka manati chini, sumu ndo usiiwaze kabisa. Mnandi, korongo, mdiria, wote hao ni wanyamapori kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kumuua au kumtega bila kibali ni kesi, na ukisema bwawa ni langu haikusaidii kitu.

Anza na ushahidi. Piga picha asubuhi mapema mnandi akiwa juu ya nguzo kapanua mabawa anajianika, piga na sato wanaoelea wana tundu ubavuni, hiyo ni alama ya mdomo wa korongo. Andika ulipanda vifaranga wangapi na lini. Halafu nenda kwa mtendaji wa kijiji upate barua ya utambulisho, hapo hamna shida, ni kumkuta tu ofisini ndo kazi.

Sasa hapa ndo pananiuma mpaka leo. Kuna ofisi, sitaitaja, ukifika ukisema tu "wanyamapori wameniharibia" unapewa fomu za kifuta jasho, yaani pesa ya pole ya serikali kwa walioharibiwa mali na wanyamapori. Mimi nikajaza, nikatoa kopi, nikafuata sahihi na mihuri, nikaambiwa mthamini atakuja ila gari halina mafuta, si unaelewa, nikachangia mafuta, akaja, akaangalia bwawa, akaniuliza "tembo yuko wapi?" Jamani. Kifuta jasho kwa kanuni za 2011 ni kwa wanyama wakali kama tembo, kiboko, mamba, simba, ndege wanaokula samaki hawamo. Hata kwelea kwelea wanaokula mpunga ni habari ya wizara ya kilimo na ndege ya kunyunyizia dawa, si kifuta jasho. Kwa hiyo ukipewa hiyo fomu irudishe kwa heshima, okoa nauli.

Barua ya kuandika ni moja tu, kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa afisa wanyamapori wa wilaya na nakala kwa afisa uvuvi. Kichwa: OMBI LA UKAGUZI NA USHAURI KUHUSU NDEGE WALA SAMAKI. Taja ukubwa wa bwawa, aina ya ndege, saa wanazokuja, na umeshafanya nini kuwafukuza. Usiandike "naomba kuwaua", ukiandika hivyo barua inakwama mezani na wewe unaanza kuangaliwa vibaya. Hakikisha kopi yako inagongwa mhuri wa kupokelewa, maana bila huo mhuri wiki ijayo utaambiwa barua haijafika, na aliyeipokea yuko semina.

Afisa uvuvi usimruke hata kama unaona tatizo ni la ndege. Utahitaji wavu, na dukani watakuuzia timba (wavu wa nyuzi za plastiki) kwa sababu ni rahisi, wakati timba imepigwa marufuku kwa kanuni za uvuvi, ukikutwa nayo utaeleza mpaka uchoke kwamba unafunika bwawa na huvui. Tena nyuzi zake nyembamba hazionekani, ndege ananasa anafia pale na kesi inarudi kwako. Mwombe akuandikie kwenye ripoti ya ukaguzi aina ya wavu anaoukubali, nunua nene unaoonekana, ile karatasi itunze.

Wakati unasubiri majibu (utasubiri), chimba kingo ziwe wima na maji yawe na kina pembeni, korongo anavua kwa kusimama, akikosa pa kusimama anahama. Ila mnandi anapiga mbizi, huyo kingo hazimsumbui, dawa yake ni wavu uliokazwa juu ya maji, ukilegea ukagusa maji umeharibu. Vifaranga waweke bwawa dogo lililofunikwa kwanza, wakikua ndo uwahamishe.

Wavu ukague kila asubuhi. Ukikuta ndege amenasa mzima kata uzi mwache aende, akiwa amekufa piga picha, mpigie afisa wanyamapori, na usimpeleke jikoni hata watoto wakikuzonga.