Kuanza Kuchora Baada ya Kustaafu: Mwongozo kwa Mstaafu wa Mombasa

Mtu aliyezoea kuamka saa kumi na moja alfajiri kwa miaka mingi haachi kuamka saa hiyo kwa sababu tu amekabidhiwa barua ya kustaafu. Nilipotoka bandarini Kilindini, ambako nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo, niliendelea kwa wiki tatu kuoga alfajiri, kuvaa shati lililopigwa pasi na kuketi ukingoni mwa kitanda nikiwa sina pa kwenda. Mke wangu alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka mmoja kabla, kwa hiyo hapakuwa hata na wa kunicheka. Mstaafu huelezwa sana habari za kiinua mgongo na pensheni, lakini ni nadra kuelezwa la kufanya na zile saa zilizo kati ya chai ya asubuhi na adhuhuri, ambazo majonzi huzipenda kuliko saa nyingine zote. Mimi nilizijaza kwa brashi na rangi, na hapa ninaeleza jinsi mtu ambaye hajachora tangu shule ya msingi anavyoweza kuanza.

Shauri langu la kwanza litawashangaza baadhi ya wasomaji: usichore huzuni yako. Wapo wanaomhimiza mtu amimine moyo wake juu ya karatasi, na pengine hilo huwafaa vijana. Mzee anayeambiwa achore anavyojisikia huishia na karatasi tupu na moyo mzito kuliko alivyoanza. Chora kitu kilicho mbele yako, kama vile kitasa, kikombe, au kiti cha barazani. Jicho linapolazimika kupima urefu wa mguu wa kiti dhidi ya upana wake, akili hukosa nafasi ya kurudia yale yale iliyoyarudia usiku kucha, na majonzi, ingawa hayaondoki, huketi kando kwa muda wa saa moja hivi. Winston Churchill alianza kuchora mwaka 1915, akiwa na umri wa miaka 40, baada ya kupoteza wadhifa wake wa kusimamia jeshi la majini la Uingereza, na alichochora zaidi maishani mwake ni mandhari: miti, maji na nyumba.

Kuhusu vifaa, usiguse kiinua mgongo. Rangi za maji zinatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza, nazo hazina harufu ya kuwaudhi watu wa nyumbani. Nunua manjano, nyekundu, samawati iliyokolea na kahawia yenye wekundu. Nyeusi iache dukani, kwa maana samawati hiyo ikichanganywa na kahawia hutoa kijivu kizuri cha vivuli, chenye uhai ambao nyeusi ya kopo haina. Brashi mbili za duara, moja nene na moja nyembamba, zinatosha; sahani nyeupe ya jikoni itakuwa ya kuchanganyia rangi, na kipande cha leso kuukuu kitakuwa cha kufutia. Mahali pa kufungua mkono ni kwenye karatasi. Karatasi ya daftari hukunjamana ikiguswa na maji, na anayeanza hudhani kosa ni lake. Tafuta karatasi nene, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, kisha uikate vipande vidogo ili isikutishe.

Ukipenda rangi nzito zaidi, ipo akriliki, lakini barazani, upepo wa kaskazi unapovuma, hukauka kabla hujageuza shingo, na brashi iliyosahauliwa kwa nusu saa huwa kijiti. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya mafuta inayong'aa juu ya hardbodi, na kazi zake zinapendeza hadi leo. Rangi hiyo ina mvuke mkali, kwa hiyo isitumiwe chumbani.

Unyevu wa Mombasa ni adui wa pekee. Katika miezi ya masika rangi ya maji huchukua muda mrefu kukauka, na anayeongeza tabaka la pili kwa pupa hupata tope. Subiri mpaka karatasi, ukiigusa kwa upande wa nyuma wa kidole, isiwe na ubaridi. Karatasi ambazo hazijatumika ziweke ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko, la sivyo zitaota kuvu kabla ya Juni.

Sasa panga saa, na uiheshimu kama ulivyoheshimu zamu ya kazini. Mimi huketi saa tatu asubuhi, karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, na huondoka saa nne hata kama kazi haijaisha. Kwa mwezi wa kwanza chora kitu kimoja tu, kila siku. Nilichagua birika la shaba la marehemu mke wangu kwa sababu lilikuwa karibu, wala si kwa sababu nyingine. Mdomo wake ulitoka umepinda kwa wiki mbili nzima. Siku moja, nikitafuta mahali kivuli kinapoanzia, niliona kibonyeo kidogo karibu na kitako, cha ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Birika lile lilinimiminia kahawa kwa zaidi ya miaka 20 nami sikuwahi kukiona. Niliweka brashi chini, nikalia, kisha nikakichora. Hilo ndilo ninalomaanisha ninaposema chora kitu: huzuni itaingia yenyewe ikitaka, kupitia mlango wake.

Mkono ukishazoea, toka nje. Mibuyu ya ufukweni Mama Ngina, hapa Mombasa, ni walimu wapole, kwa kuwa tawi lake hata ukilikosea hakuna atakayejua. Mji wa Kale ni mgumu zaidi, hasa kuta zake. Ukiwa mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, inua kipande cha karatasi nyeupe ukilinganishe nao: utaona kwamba penye jua ukuta una umanjano, na penye kivuli una usamawati, na kwamba kile ulichokiita cheupe maisha yako yote si cheupe. Nenda saa kumi alasiri, kwa sababu adhuhuri jua huwa utosini na vivuli, ambavyo ndivyo vinavyolipa jengo umbo, huwa havipo. Katika rangi za maji weupe hauongezwi baadaye. Huachwa, yaani sehemu ya karatasi isiyoguswa. Anza na rangi hafifu, umalizie na iliyokolea. Watoto watakuzunguka na kukuambia kweli bila huruma, wape penseli.

Baadhi ya wazee wenzangu Waislamu huona uzito kuchora viumbe wenye roho. Hilo halimzuii mtu kitu. Milango ya nakshi, majahazi, minazi na mapambo ya leso vinatosha kwa umri uliobaki, na mwenye shaka amwulize shehe wake.

Mikono ikitetemeka, zungusha mpini wa brashi kwa ukanda uliokatwa kwenye ndara kuukuu, kisha chora kwa bega badala ya kifundo cha mkono. Rangi zikianza kuonekana za manjano au za kahawia kupita kiasi, nenda kapimwe macho. Huenda ni mtoto wa jicho, ambao mchoraji Claude Monet wa Ufaransa alifanyiwa upasuaji wake mwaka 1923. Tena, ikiwa hulali, chakula hakipiti, au umeanza kufikiri kwamba afadhali usingekuwapo, mwambie mtu wa karibu leo hii na uende hospitali. Brashi haitibu hayo, na si aibu kwa mtu mzima kutibiwa.

Kila kazi iandike tarehe kwa nyuma kwa penseli, hata ile mbaya, hasa ile mbaya. Zipange zikiwa bapa kabatini, kila moja ikitenganishwa na nyenzake kwa karatasi safi, na kila baada ya miezi mitatu zitoe zipunge hewa. Jamaa wataomba wapewe. Wape, isipokuwa zile za mwezi wa kwanza. Birika langu lenye mdomo uliopinda liko chini kabisa ya furushi, na mwanangu ameshaliomba mara mbili.