Punguza mapambo ya modeli kabla ya kutengeneza meshi

Kabla hujabofya kitufe cha kutengeneza meshi, yaani wavu wa vipande vidogo (elementi) ambao programu ya uchambuzi (FEA) hutumia kukokotoa mkazo ndani ya kipande, rudi kwanza kwenye modeli yako ya CAD (umbo la kipande ulilochora kwa kompyuta) uipunguzie mapambo. Maandishi yaliyochongwa, vitundu vya skrubu vilivyo mbali na mzigo, vijisehemu vya uso vyembamba kama uzi vilivyobaki baada ya kuunganisha vipande: vyote huilazimisha programu kurundika elementi ndogondogo mahali pasipo na faida. Na udogo una gharama. Ukipunguza ukubwa wa elementi kwa nusu katika modeli ya 3D, idadi yake hupanda karibu mara 8.

Ila usifute kila mviringo wa kona (fillet), tafadhali. Ule wa kona ya ndani, pale mkazo unapojikusanya, uache, tena uuwekee elementi nyingi zaidi. Ukiufuta, kona inabaki kali, na kila ukizidi kupunguza ukubwa wa elementi mkazo nao unazidi kupanda bila kutulia. Utakuwa unafukuza namba isiyokuwepo.

Kagua pia vipimo baada ya kuingiza faili: kipande cha milimita 50 kikisomwa kama mita 50, meshi itatoka nzuri tu, majibu ndiyo yatakayokuwa ya uongo.