Gobore la Babu: Namna ya Kulitambua na Kulithamini

Hapa Tabora nikiitwa kuangalia gobore la urithi, mara nyingi nakuta limeshapigwa msasa linang'aa. Huwa naumia, kwa sababu nilichokuja kukisoma kimefutwa.

Hatua ya 1: Hakikisha ni tupu
Usifyatue eti unajaribu. Elekeza mdomo mbali na watu, nawe usikae mbele yake. Ingiza kijiti cha mti taratibu mpaka kigote, kitie alama usawa wa mdomo, kisha kilaze juu ya mtutu kwa nje. Alama ikiwa usawa wa mdomo na kijiti kikaishia sentimita kadhaa kabla ya tundu la moto (kitundu cha nyuma ya mtutu kinachopitisha moto kwenye baruti), ndani mna kitu. Baruti nyeusi iliyokaa kavu huwaka hata baada ya miaka mia. Ishia hapo, toa taarifa polisi.

Hatua ya 2: Soma mtambo wa kuwashia baruti
Gumegume, yaani bunduki iwashwayo kwa cheche za jiwe, ina mataya ya kubana jiwe na kisahani cha baruti ubavuni. Ya fataki ina nyundo inayopiga kichuchu, kijibomba kinachovishwa fataki. Ukiona nyundo ya fataki, lakini bamba la chuma linaloshika mtambo lina matundu ya skrubu yaliyozibwa, hiyo ilizaliwa gumegume ikabadilishwa. Tena usidhani kila gumegume ni kongwe: Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana bunduki za kisasa Afrika, ukaziachia gumegume, nazo zikaendelea kuletwa.

Hatua ya 3: Tafuta alama
Neno TOWER na taji kwenye bamba ni la Uingereza, ila Wabelgiji waliliiga sana. Kwa hiyo geukia mtutu. Herufi ELG ndani ya umbo la yai ni za Liège, Ubelgiji. Taji juu ya yai hilo lilianza 1893. Mzee mmoja aliniambia gobore lake lilipigana vita vya Mtemi Mirambo, mtawala wa Wanyamwezi. Mirambo alifariki 1884, na kwenye mtutu wake taji lilikuwapo. Nilimwonyesha kwa kurunzi, tukanyamaza wote wawili. Mtutu usio na alama, wenye mshono wa bomba la maji, ni kazi ya mhunzi wa kijijini.

Hatua ya 4: Thamani
Futa kwa kitambaa kikavu, paka mafuta kidogo, basi. Ngozi iliyoviringishwa kwenye kitako kilichopasuka usiibandue. Nikipima thamani, mimi huihesabu kabla ya chuma. Andika nani alilirithi kwa nani.

Gobore nalo linahitaji leseni. Na kama lilitengenezwa kabla ya 1863, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalihusu, hivyo mnunuzi anayetaka kulivusha mpaka bila kibali mkatalie.