Mbigili na gurudumu moja

Ukianza safari ya baiskeli ya gurudumu moja kutoka Mombo, chini ya milima ya Usambara, usiumize kichwa kwa ule mpando wa kwenda Lushoto. Waza mbigili, yale majani yanayotambaa yenye miiba. Imejaa pembeni mwa njia za vijijini, na miiba ya migunga nayo imeanguka kila mahali. Gurudumu ni hilo hilo moja; likipata pancha, safari imesimama.

Wengi huziba tyubu, hujaza upepo, na baada ya hatua mia tairi limelala tena. Ncha ya mwiba ilibaki ndani ya tairi. Usiitafute kwa kidole, itakuchoma. Chukua soksi kuukuu au pamba kidogo, ipitishe taratibu ndani ya tairi lote. Inaponasa, hapo ndipo mwiba ulipo. Ung'oe kwa koleo. Paka solusheni, gundi ya kuzibia, kwenye tundu la tyubu; iache kwanza ikauke hadi isichafue kidole, kisha ubandike kiraka na kukikandamiza kwa nguvu.

Ukikwama, ulizia fundi baiskeli kijijini, yule mwenye karai la maji. Msalimie vizuri kwanza, shida yako itafuata.

Na ukitoka njiani kupumzika, ibebe baiskeli begani. Usiiburuze majanini.